Kisima Namba 43

Chumvi ya Balangida haina mwenyewe mpaka ikauke. Kiangazi kikikaza, maji ya ziwa hurudi nyuma na kuacha ufuko mweupe, mithili ya unga uliomwagika njiani mtu akitoka mashineni. Wanyama wa Hirbadaw hushuka hapo na vikapu, kila kaya kwa zamu yake, na kabla hawajaanza kupanda kurudi makwao hupita chini ya mgunga mkubwa wakamwachia Beberu kibaba kimoja. Kibaba hicho ndicho ushuru. Risiti hawapewi, kwa kuwa vitabu vya risiti viliagizwa enzi ya babu yake Beberu na bado viko njiani.

Beberu alikuwa mweka hazina. Wanyama wale waliusikia msemo wa wanadamu kwamba fisi hakabidhiwi bucha, wakauzingatia sana, na hazina hawakumpa Fisi. Msemo wa kumkataza mbuzi kulinda chumvi haukuwapo. Basi Beberu akaihesabu chumvi yote ya umma kwa ulimi, na hesabu ya jioni ikawa kila siku pungufu kidogo kuliko ya asubuhi. Akiulizwa, anasema ni upepo.

Mwenyekiti wa halmashauri alikuwa Kiboko wa ziwa Basotu. Walimpa aongoze mambo ya maji kwa sababu ya uzoefu, maana tangu azaliwe hajayakosa hata siku moja. Mkurugenzi alikuwa Heroe, msomi, mrefu, wa waridi wa kupendeza, asimamaye kwa mguu mmoja ili ule mwingine uwe tayari kwa uhamisho. Kabla hajamaliza kujua majina ya kata, barua huja. Huruka yeye, hutua mwenzake anayefanana naye kila unyoya, na wanyama huendelea kumwita Mkurugenzi bila kugundua lolote. Kata zenyewe zilikuwa tatu: Tambarare ya Diwani Fisi, Kichakani ya Diwani Kanga, na Majabali ya Diwani Punda, kule juu ambako ukipiga jembe unasikia mlio kabla hujaona udongo.

Mwaka wa fedha wa Hirbadaw ulikwisha tone la kwanza la mvua lilipoanguka. Chumvi iliyokuwa haijatumika iliyeyuka palepale chini ya mgunga, ikatiririka bondeni, ikarudi ziwani ilikotoka. Jambo hilo liliwatisha waheshimiwa kuliko ukame. Msomaji asiwacheke. Kwetu mwaka hukatika Juni 30, na anayetaka kujua uchungu wa maneno “fedha zitarudi Hazina” apite ofisi yoyote ya umma wiki ya mwisho ya Juni, aone semina inavyozaa semina.

Siku moja Tai akashuka kutoka kilele cha mlima Hanang, mita 3,420 juu ya shida zote, akiwa na waraka mdomoni. Mlima unataka kujua, ulisema waraka, ni kata ipi inayotumia chumvi kwa tija. Yenye tija itaongezewa. Isiyo na tija itapunguziwa. Majibu yafike ndani ya siku saba. Waraka ulikuwa na tarehe ya siku tisa zilizopita.

Halmashauri ilikuwa na mtakwimu, ingawa wengi walikuwa wamemsahau. Alikuwa Nungunungu. Kikaoni alikaa nyuma peke yake, si kwa majivuno; ni nani atakaye kukaa karibu naye? Kalamu zake zilimwota mgongoni, kwa hiyo kifungu chake cha vifaa vya ofisi kilikuwa sifuri mwaka hadi mwaka, na wakati wa bajeti walimpenda kwa hilo. Alikuwa mkweli. Alijumlisha bila upendeleo na kugawanya bila woga. Kasoro yake ilikuwa moja tu: aliamini kwamba kitu kikishaandikwa kwenye jedwali, basi yuko mtu aliyekiona.

“Waheshimiwa,” alisema siku ya kikao, “ili nipime tija ya visima, naomba kwanza nielezwe. Kisima ni nini?”

Kimya. Punda ndiye aliyejibu, kwa kuwa hakujua kuwa swali ni gumu.

“Kisima ni maji, bwana. Ukishusha kibuyu kikarudi na maji, hicho kisima.”

Kiboko alicheka hadi yangeyange wakaruka mgongoni mwake. “Mheshimiwa Punda, unachanganya mradi na matokeo. Mradi ni shimo. Maji ni matokeo, na matokeo yatapimwa robo ya nne.”

“Naunga mkono hoja,” alisema Fisi. “Tukianza na maji tutaulizwa maji kiasi gani, matamu au ya magadi, ya masika au ya kiangazi. Mtaalamu wetu huyu ataumwa kichwa bure. Waheshimiwa, tumwonee huruma.”

Kiboko, ambaye ni mzee na ana kumbukumbu, akaongeza la kwake. “Mnaikumbuka ngano? Mimi nilikuwa palepale Basotu, pua juu, macho juu. Miaka ya 1970 na 1980 Shirika la NAFCO lililima mashamba makubwa saba, Basotu, Mulbadaw, Setchet na mengine, kwa matrekta ya msaada wa Canada. Ekari zipatazo 100,000! Ilipimwa nini? Magunia kwa ekari. Na magunia yalikuwa mazuri. Wabarabaig walisema pale ndipo ng'ombe wao walipokula kiangazi, wakaenda mahakamani, wakafika mpaka Mahakama ya Rufani. Sasa niambieni, kwenye jedwali la magunia, safu ya ng'ombe ilikuwa wapi?”

Haikuwapo, wakakubali.

“Ndiyo maana nasema tusiongeze safu.”

Likapita azimio: kisima ni shimo lililochimbwa ardhini, lenye mdomo unaoelekea juu. Kanga aliomba iongezwe “na lisiwe la panya”, ikaongezwa, akapigiwa makofi. Nungunungu akachomoa mwiba, akaandika.

Taarifa za kata zikaja. Tambarare visima 43, chumvi iliyotumika pishi 86. Kichakani visima 6, pishi 72. Majabali kisima 1, pishi 80. Nungunungu akagawanya: Fisi pishi 2 kwa kisima, Kanga 12, Punda 80. Akatafuta na wastani wa Hirbadaw nzima, ukaja pishi 4 na robo tatu hivi, na Kiboko akaupenda wastani huo kuliko namba nyingine zote kwa kuwa haukuwa wa mtu. Alikuwa sahihi. Hakuna kisima hata kimoja Hirbadaw kilichochimbwa kwa pishi 4 na robo tatu.

Fisi akapewa kombe la mpingo. Punda akapewa karipio la maandishi na chumvi ya kata yake ikakatwa nusu. Alipoambiwa ajitetee alisimama mbele ya kikao, akainua kwato za mbele, moja baada ya nyingine. Zilikuwa zimelika hadi kwenye nyama, maana jabali lile lilimchukua viangazi viwili. Mwenyekiti akamwambia kwa upole kwamba kwato si kiambatisho.

Niiache hekaya hapo kwa dakika moja, kwa sababu kuna msomaji anayedhani natia chumvi. Serikali yetu ilianza mwaka 1971 mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji safi ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikairudia mita 400 ile ile, ikataka kila mtu apate lita 25 kwa siku na kila kituo kihudumie watu 250. Ukiwa na orodha ya vituo na hesabu ya watu, basi unazidisha kwa 250 na kupata idadi ya wanaopata maji, wala huna haja ya kwenda kulowanisha kidole. Baadaye Wizara ikatuma watu wavizungukie vituo kimoja kimoja. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 orodha ilikuwa na vituo zaidi ya 70,000 vya vijijini, na karibu vinne katika kila kumi vilikuwa havitoi maji. Bomba lipo, zege lipo, jiwe la uzinduzi lipo. Kwenye jedwali la zamani wote wale walikuwa wamekunywa. Mwaka 2019 kazi ya maji vijijini ikatolewa halmashauri ikapewa RUWASA, na hiyo ni hekaya nyingine yenye wanyama wake.

Turudi kwa Nungunungu. Kilichomsumbua hakikuwa kwato za Punda. Huruma haina fomula. Kilichomsumbua ni ile 2. Kila kisima cha Fisi kilikuwa kimegharimu pishi 2 kamili, cha kwanza mpaka cha arobaini na tatu, hakuna kilichozidi kibaba, hakuna kilichopungua. Katika uhai wake wote wa kuhesabu hakuwahi kukutana na mashimo 43 ambayo hakuna hata moja lililogonga jiwe.

Usiku, mbalamwezi ilipopanda juu ya Hanang, akachukua orodha akateremka Tambarare. Yeye ni mnyama wa usiku, hivyo hakuomba posho ya kulala nje.

Namba 1 lilikuwa shimo kavu. Namba 2 vilevile. Namba 9 lilikuwa na mstari mwembamba wa chumvi uliotoka kwenye njia ya malisho, ukapita mdomoni mwa shimo, ukaishia kwenye kichaka kizito, na kando yake nyayo za mbuzi zilizoelekea upande mmoja tu. Nungunungu aliutazama mstari ule kwa muda. Hapo akakumbuka mkaguzi wa ndani wa halmashauri, mwanambuzi kijana mwenye bidii, aliyetumwa Tambarare mwezi uliopita na kuandikwa kwenye daftari la utumishi kuwa amehamia. Akaendelea na namba 10.

Kwenye namba 27 akasikia mkwaruzo chini ya ardhi, na udongo ukamrukia usoni.

“Hodi.”

“Ingia kwa kinyumenyume, usinichome,” ilijibu sauti nzito. Alikuwa Bibi Muhanga, masikio marefu, pua ndefu, mikono imejaa vumbi.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu. Umekula?”

“Nashukuru, bibi. Samahani, unafanya nini huku?”

“Nakula.”

“Nauliza kazi. Nani amekupa mkataba?”

“Mkataba ndiyo mdudu gani?” Bibi alifikiri kwa dhati. “Mchwa namjua, kumbikumbi namjua. Huyo sijamwonja.”

“Mashimo yote haya ni wewe uliyeyachimba?”

“Mengine marehemu mama. Mimi nikishakula nahama, shimo silifungi. Anayetaka kulala alale.”

“Na hujawahi kukuta maji?”

Muhanga aliacha kuchimba, akamgeukia mjukuu wa watu kwa masikitiko. “Maji nitayakuta wapi? Nikisikia harufu ya maji naondoka. Mchwa hajengi kwenye maji, mwanangu. Hapa ninapochimba mimi ndipo pakavu kuliko pote Hirbadaw.”

Nungunungu akashukuru, akatoka, akaketi kwenye kifusi cha namba 27, akapiga hesabu ile upya. Gharama sifuri, visima 43. Ukigawanya sifuri kwa 43 unapata tija ambayo Mlima haujapata kuiona. Ila vitabuni zilikuwapo pishi 86, na chumvi hiyo sasa alijua imekwenda wapi na imerudi na nini.

Akaendelea hata hivyo, kwa kuwa orodha huwa haiachwi katikati. Alfajiri ikawa imebaki namba ya mwisho. Kisima namba 43: hatua 200 mashariki ya mgunga uliopigwa radi, mdomo juu, upande wa machweo, jirani na jiwe lenye umbo la kichwa cha ndama.

Jiwe lile alilijua. Miaka sita amekuwa akijikunia mgongo hapo. Akainama, akaingia, ndani akakuta mkeka wake, boga lake lililotafunwa nusu, na miiba yake ya akiba imepangwa ukutani kwa urefu.

Kuishi shimoni si aibu katika nchi hii. Wairaqw wa Mbulu walijenga zamani nyumba za chini ya ardhi, paa usawa wa majani, ili wavamizi wapite juu bila kujua kwamba chini kuna watu na ng'ombe wao. Lakini hakuna Mwiraqw aliyewahi kuambiwa kwamba nyumba yake ni mradi wa maji. Nungunungu aliketi kwenye mkeka akapima pande mbili. Ikiwa 43 ni kisima, basi amekuwa akilala ndani ya miundombinu ya umma bila kibali kwa miaka sita. Ikiwa si kisima, basi jedwali lililokwenda Mlimani ni la uongo, na chini yake kuna sahihi yake, safi, ya mwiba mpya.

Alitumia miiba saba kuandika taarifa ya pili. Hakuwa amemaliza ya saba Fisi alipopiga hodi. Fisi hakuja na vitisho. Vitisho ni vya fisi wadogo.

“Ndugu yangu Mtaalamu, nasikia umetembea.”

“Nimetembea, Mheshimiwa.”

“Hongera. Sasa nisaidie, mimi sikusoma. Kikao kilisema kisima ni nini?”

“Shimo lenye mdomo unaoelekea juu.”

“Na ulivyoyaona, midomo ilielekea wapi?”

Nungunungu hakujibu.

“Mimi sikudanganya hata tundu moja. Ulitaka mashimo, nimekupa mashimo. Ungetaka maji ungeandika maji. Kalamu si zilikuwa mgongoni mwako?” Fisi akajilaza mlangoni kwa starehe. “Jingine. Ukipeleka hiyo, Mlima hautasema Fisi ni mwizi. Utasema Hirbadaw ni wezi. Watakata chumvi ya wote, na Punda wako atakosa hata ya kununulia kamba. Umefikiria kamba?”

Hapa nitakiri: nimeisimulia hekaya hii mara kadhaa, na kila mara nafika kwa Fisi nikiwa na jibu, nalipoteza palepale. Sehemu ya kwanza ya hoja yake ni kweli tupu.

Taarifa ya pili ilipelekwa. Mkurugenzi Heroe, wa pili au wa tatu mwaka ule, aliandika juu yake “imepokelewa”, akaiweka chini ya nyingine. Kikao kilichofuata kikatunga sheria ndogo: mnyama yeyote asihesabu kitu kilichokwisha kuhesabiwa na halmashauri, na akikihesabu asipate jibu tofauti. Kabla hujalaani, kumbuka kwamba mwaka 2018 Bunge letu liliirekebisha Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015, na anayetangaza takwimu za kupotosha au kupinga zile rasmi akawekewa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichopungua miaka 3. Kelele zikapigwa, za ndani na za wakopeshaji, na mwaka 2019 makali yale yakaondolewa. Hirbadaw hawana wakopeshaji. Sheria ndogo yao bado ipo.

Nungunungu alibakiwa na tumaini moja, Bundi mkaguzi, ambaye huja mara moja kwa mwaka na kutazama vitabu kwa macho yasiyopepesa. Bundi alikagua siku tatu. Kwa kila kisima alikuta hati ya malipo, kwa kila hati muhuri, kwa kila muhuri sahihi mbili, na jumla ikalingana hadi kibaba cha mwisho, kasoro ile ya upepo. Akatoa hati inayoridhisha. Nungunungu alimfuata tawini.

“Mzee, mashimo ni makavu.”

“Nimekusikia, kijana. Mimi hutazama kama vitabu vinasema kweli kuhusu vitabu. Hati yangu haisemi zaidi ya hapo. Wanaosema zaidi ni wao wakishaipata.” Halafu, kwa kuwa Bundi ana roho nzuri, akaongeza: “Upo ukaguzi mwingine, wa ufanisi, unaokwenda mpaka shimoni. Huo tunaufanya kwa miradi michache tunayoichagua. Andika barua.”

Kiangazi kikakaa kuliko ilivyozoeleka. Visima vitano vya Kanga vikakauka, cha sita kikawa tope. Hapo foleni ikaanza kupanda Majabali: swala, nguruwe, mbuzi wa ukoo wa Beberu, watoto wa Fisi na vibuyu vyao. Kisima cha Punda kilikuwa kirefu kiasi kwamba kamba ilipofika chini, aliyeko juu alikuwa amekwisha kusahau aliomba nini, lakini kilirudi kimejaa, usiku na mchana. Wabarabaig wanajua kwamba kisima kina ukoo uliokichimba, na mgeni huomba kabla hajanywesha. Punda hakumwombesha mtu. Alikuwa na shida yake nyingine: kamba ilikuwa imebaki nyuzi, na chumvi ya kununulia nyingine ndiyo ile iliyokatwa nusu kwa kukosa tija.

Kila magharibi Nungunungu naye alipanda na kibuyu chake, akasimama mwisho wa foleni. Kwa mazoea akawa anawahesabu waliomtangulia. Hakuandika.

Mawingu ya kwanza yalipoonekana nyuma ya Hanang, chini ya mgunga kulikuwa kumebaki pishi 30. Halmashauri ikakutana kwa dharura. Siku tatu, nne, mvua hii hapa. Fisi alipendekeza uzinduzi: Tai mwenyewe aalikwe kama mgeni rasmi, ngoma zichezwe, wageni wale, kisima kimoja kizinduliwe kwa niaba ya vyote. Mkurugenzi mpya akasema, kwa nia njema kabisa maana alikuwa amefika juzi, kwamba Mlima ukiridhika atauomba urudishe chumvi ya kata zote, Majabali kwanza, ipatikane kamba. Punda alisikia hivyo akaahidi kuimba.

Kilichaguliwa namba 43 kwa sababu kiko jirani na njia na mgeni rasmi hapendi kuchafua makucha.

Nungunungu hakuambiwa. Mchana ule alikuwa amelala nyumbani kwake, mnyama wa usiku, akaamshwa na ngoma juu ya kichwa. Vumbi lilimwagika kutoka darini. Akasikia sauti ya Kiboko ikitaja takwimu, na zilikuwa zake, zimesomwa vizuri bila kukosea hata moja. Akasikia makofi. Akasikia vigelegele, halafu sauti ya Punda, nzito na ya uaminifu, ikipanda juu ya nyimbo zote.

Kisha mwanga wa mlangoni ukazibwa kidogo, na kibuyu kipya kilichofungwa utepe kikaanza kushuka kwa kamba fupi, polepole, kikizunguka, mpaka kikagusa mkeka. Huko juu ngoma zikanyamaza. Walikuwa wanangoja.

Alikitazama. Alitazama na kibuyu chake mwenyewe pembeni ya boga, robo tatu, maji ya jana ya Majabali aliyosimamia foleni tangu magharibi hadi mwezi ulipochwea. Juu Punda alikohoa. Nungunungu alikitambua kikohozi kile; ni cha mtu aliyekwisha kuhesabu bei ya kamba.

Akamimina. Hakumwaga hata tone.

Utepe ukapanda umelowa, na Hirbadaw nzima ikalipuka kwa furaha: wametokwa na machozi, wamekumbatiana, Tai amekunywa, amesema ni matamu, amesema hajapata kuona maji matamu namna hii kwa pishi 2. Nungunungu alikaa gizani na kibuyu kitupu mapajani akisikiliza mwiba wa mtu mwingine ukiandika.

Halafu mgeni rasmi akaomba wananchi nao waonje, na kibuyu kikashuka tena.